Akidi Haijatimia

Ofisi yetu ya Tanga ilinunua laptopu 20 kwa zabuni halali, pesa halali na risiti ya EFD juu yake. Nalitaja hili la risiti mapema kwa sababu Windows yenyewe haikutuamini hata siku moja.

Pembeni kulia, chini kabisa ya kila kioo, palikuwa na maandishi ya kijivu yanayotuamuru tuiamilishe. Barua zilikuwa zinaandikika na hesabu zinajumlishika, ila sehemu ya kubadili picha ya mbele ilifungwa, na mkurugenzi alishapania kumweka mjukuu wake pale. Mama wa usafi alijitahidi kwa upande wake. Kila asubuhi alikipiga kioo kitambaa chenye spiriti, halafu akatuambia uchafu wa laptopu za siku hizi haukubali dawa.

Mimi si mtu wa TEHAMA. Niliwahi kuchomoa karatasi iliyokwama kwenye printa mbele ya mkurugenzi, basi, cheo kikanifuata tangu hapo.

Shida ilikuwa hivi: laptopu zile zingebeba taarifa za wananchi, kwa hiyo zilikatazwa kugusa intaneti. Zilizungumza na seva yetu ya ndani tu, na hata hapo kwa masharti. Faiawoli ilikuwa imefungwa na kijana ambaye baadaye alihamishiwa Dodoma, akaondoka na sababu zake zote kichwani. Leseni nayo inataka kuthibitishwa na wenyewe, na wenyewe wako Marekani.

Kumbe wenyewe walishaliona hilo. Shirika lenye mashine nyingi linaruhusiwa kuweka seva ya kuamilisha humo humo ndani, inaitwa KMS, na laptopu zinaiomba ruhusa hiyo badala ya kwenda mbali. Zinapitia mlango namba 1688. Wetu ulikuwa umefungwa, tukampigia kijana wa Dodoma, akacheka sana, akatuelekeza, ukafunguka.

Laptopu zikaomba. Seva ikazikataa zote 20, ikidai saa za laptopu haziaminiki. KMS huvumilia tofauti ya saa nne kati yake na mwombaji, ikizidi hapo haisikilizi. Nikatazama saa za laptopu, nikaenda stoo kwa mzee aliyezipokea na kuziwasha mara ya kwanza.

"Shikamoo mzee. Hizi saa nani kazipanga?"

"Marahaba. Mimi. Zilikuja zimekosewa."

"Mbona ziko hivi?"

"Kwani sasa hivi saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

"Na hapo pameandikwa ngapi?"

"Nne."

"Sasa tatizo liko wapi, mwanangu?"

Nilitafuta jibu nikalikosa. Kwa hesabu ya babu zetu mzee alikuwa sahihi kwa dakika. Kwa hesabu ya seva alikuwa nyuma kwa saa sita, mbili zaidi ya uvumilivu wake. Tukazirudisha kwenye saa za Kizungu huku mzee akitusimamia kwa masikitiko, kama tunaharibu mali ya ofisi.

Zikaomba tena. Safari hii likaja kosa lenye jina la kutisha, 0xC004F038. Maana yake nyepesi: akidi haijatimia. KMS haianzi kuziamilisha kompyuta za kawaida mpaka ziombe zisizopungua 25. Sisi tulikuwa nazo 20, tena tumezilipia zote. Mhasibu wetu, ambaye ni ustadhi, alielewa kabla yangu. "Ni kama Ijumaa kwa Mashafii," akasema, "bila watu 40 haiswihi."

Tukaanza kusaka waumini watano. Mapokezi wakatoa kompyuta yao ya mezani. Stoo zikapatikana mbili, moja haina herufi M. Mkurugenzi akatoa yake kwa shingo upande. Ya tano ikatoka tawi la Muheza kwa daladala, imepakatwa na karani, na konda akaitoza nauli kwa hoja kwamba imekalia nafasi ya mtu. Zote tukazitia toleo lile lile la mashirika, zikapanga foleni. Ilipoomba ya 25, zikaanza kukubaliwa moja baada ya nyingine. Tulipiga makofi ofisi nzima, wengi wakiwa hawajui wanapiga kwa nini.

Zikabaki mbili za kupelekwa vijijini. Ruhusa ya KMS hudumu siku 180, na hizi zisingeuona mtandao wetu kwa muda mrefu zaidi ya huo, hivyo zilihitaji ufunguo wa mara moja na simu. Wakati huo ulikuwa unamsomea mashine wa upande wa pili tarakimu 63, naye anakujibu 48, makundi manane ya sita sita. Nilikuwa nasoma kwa sauti, na kando yangu mhasibu anahesabu fedha taslimu. Alianza upya mpaka akahama chumba. Salio langu nalo likakata kwenye kundi la sita.

Ng'ambo ya barabara kuna kibanda cha fundi. Laptopu zake zina Windows ya kuvunjwa kwenye flashi, hazina risiti wala maandishi ya kijivu, na picha za mbele anabadili apendavyo. Alitusikia shida zetu akatuhurumia kwa dhati: "Bosi, zilete hapa, dakika kumi tu." Tulimkatalia, lakini hukumu yangu ni hii: utaratibu unaomtesa aliyelipa na kumpita asiyelipa umepangwa na watu wasiowahi kukaa nyuma ya faiawoli.

Laptopu nyingi tangu Windows 8 ya mwaka 2012 huja na ufunguo uliowekwa ndani tangu kiwandani, lakini hata huo kwa kawaida huhitaji kugusa intaneti mara moja. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiteuliwa kwenye kamati ya mapokezi, mwambie muuzaji aziwashe, aziunganishe na kuziamilisha mbele yako, kabla hujatia sahihi na kabla hazijafungiwa ndani.