Heshima ya Jinzi

Kijana aliyeteremka garini kwenye mlima wa skii wa Mont-Tremblant, Quebec, nyuzi 30 chini ya sifuri, akiwa na suruali ya jinzi iliyombana na vifundo vya miguu nje, asisemwe vibaya. Waoga ni sisi, tuliojisitiri kwa sufu kuanzia kiunoni hadi kwenye vifundo, juu yake suruali isiyopitisha maji, tukitembea kama magunia ya mkaa. Yeye alikuwa kama anakwenda harusini.

Na pamba ni nguo ya heshima. Hata sanda ni pamba, wala hatujamsikia aliyevishwa akilalamika baridi. Halafu pamba ni karimu: theluji ikiyeyuka gotini, inaikaribisha, inainywa yote, na ukishaketi kwenye kiti cha waya cha kupandia mlimani, upepo ukikupiga, inakugandishia pale pale bila malipo. Sufu, kwa choyo chake, hata ikilowa inang'ang'ania joto.

Soksi kijana huyo alivaa jozi tatu, buti likabana hadi damu ikakosa njia. Sasa damu vidoleni ya kazi gani?

Hata mwanaskii Philip Boit wa Kenya, alipokwenda kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano mwaka 1998, alivaa mavazi ya skii kama watu wote. Nafasi hiyo kubwa ya jinzi ikapotea.

Kijana wetu aliteremka mlima mara moja tu. Mgahawani tulimvutia kiti, jinzi ikakataa kukunja magoti. Kahawa tukampelekea hapo hapo aliposimama.