Maskini Baba Watoto

Daktari aliponiambia nipunguze kilo, kitu cha kwanza nilichokataa ni kukimbia. Huku ni kwao Catherine Ndereba, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2003 na 2007. Jaribu kupanda mlima kutoka mto Chania kurudi mjini Nyeri ukihema, uone watoto wa shule watakavyokulinganisha naye.

Nikaingia jujitsu ya Kibrazili. Hakuna ngumi wala mateke: mnagaragazana chini, mmoja anamkaba mwenzake shingo au kumkunja kiwiko mpaka agonge kwa kiganja, na akigonga anaachiliwa papo hapo. Mjapani wa judo, Mitsuyo Maeda, alifika Brazil mwaka 1914 na ujuzi wake, ukoo wa Gracie ukaupalilia. Mwaka 1993, kule Denver, Royce Gracie aliyekuwa mwembamba aliwashinda wanaume wenye miili katika mashindano ya kwanza ya mapigano ya UFC. Kocha hupenda kutusimulia hayo ili tusikate tamaa. Mimi yalinikatisha zaidi, maana mwembamba wa darasa letu ni msichana wa chuo, na mwenye mwili ni mimi. "Pumua, mama," aliniambia kwa adabu zote, akiwa amenikalia kifuani.

Jasho lilinitoka, kilo zikaanza kusogea. Kisha nikaanika gwanda langu jeupe kwenye kamba, ploti nzima ikaliona.

Kenya nzima inaujua mzaha kwamba wanawake wa Nyeri hupiga waume zao. Mimi ulinichosha zamani. Anayeumizwa nyumbani, awe mke au mume, hana la kuchekesha. Lakini nani alinisikiliza? Mama mboga, ambaye hajawahi kumwongezea mtu hata jani la dania, alinitilia nyanya za bure huku akinitazama mikono. Muuza nyama akawa anamkatia baba watoto kipande cha ziada: "Jikaze, mzee." Mimi nikipungua, mwenzangu ananenepa kwa huruma za watu.

Mvua za masika zikaja, naye akateleza kwenye tope akishuka bodaboda, akateguka mkono. Siku hiyo nilikuwa sokoni Karatina, na shahidi wangu ni gunia la viazi. Jioni wazee wawili wa kanisa walibisha hodi. Tukanywa chai, wakazungumzia subira katika ndoa, macho yote kwenye bendeji. Sentensi moja tu ya bwanangu ingenitoa kizimbani. Aliinamisha kichwa, akashusha pumzi.

"Siku hizi ni afadhali," akasema, akachukua chapati nyingine.

Nikawasindikiza hadi langoni. Mmoja akatangulia, yule mkubwa akajikawiza kufunga kamba za viatu, akanong'ona: "Hapo mnapofundishwa, mama, ada ni pesa ngapi? Na mtu wa umri wangu anaweza kuonyeshwa namna ya kujinasua?"