Supu ya Silikoni

Ukifungua boneti Mbwawa, usitegemee kubaki peke yako. Umeegesha chini ya mkorosho, hakuna kiumbe zaidi ya mbuzi. Ukiinama kuchukua spana, ukiinuka watu wamekwisha kufika. Watoto hutangulia. Wanafuata bodaboda wawili, wanaozima pikipiki lakini hawashuki. Mwisho hufika mzee mmoja, mikono nyuma, kimya. Huyo ndiye wa kuogopwa. Kibaha ni nyumbani kwa Nyumbu, kituo kilichoanzishwa nchi ilipokuwa na ndoto ya kuunda magari yake yenyewe, na kila kijiwe kuanzia Maili Moja hadi Mlandizi kina mzee aliyewahi kufanya kazi Nyumbu, au aliyewahi kupanga nyumba moja na mtu aliyefanya kazi Nyumbu. Mzee wa namna hiyo akiguna tu, fundi anafungua upya alichokwisha kukifunga.

Gari langu ni Forester ya turbo, mtumba wa Japani, lenye pua juu ya boneti. Majirani wengi wanaamini pua hiyo ni urembo. Siwalaumu, maana turbo yenyewe ni jambo la kibahili kuliko inavyotangazwa. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza yake mwaka 1905, baada ya kukerwa na moshi wa injini unaotoka nje na nguvu zake bila kufanya kazi yoyote. Akaupa kazi. Moshi unazungusha feni, na feni hiyo imeshikana kwa mhimili mmoja na feni nyingine inayosukumia hewa ndani ya injini. Kasi yake inaweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Hewa ikigandamizwa hupata joto, kwa hiyo hupitishwa kwanza kwenye intakula ili ipoe, na ile pua ya boneti kazi yake ni kuipepea intakula. Kati ya chombo na chombo pameungwa kwa mpira. Vyuma vya gari hili havijawahi kunisumbua. Mipira ndiyo yenye maneno.

Maneno yenyewe yalianza kwa mluzi. Kila nikikanyaga mafuta, kunatoka mluzi mwembamba chini ya boneti, gari linakuwa zito, na mshale wa petroli unashuka bila haya. Mke wangu alidai kuna ndege ameatamia humo. Fundi wetu aliinamisha sikio, akamwambia bodaboda mmoja azime redio, akainuka na hukumu.

"Bosi, mpira wa kuingilia turbo umechanika."

Mpira huo hutoka kwenye boksi la chujio la hewa, ukapita chini ya manifoldi, ukaibukia ilipo turbo. Wajapani waliupitisha mahali ambapo mkono wa mtu mzima haufiki na mkono wa mtoto hauna nguvu. Ndani yake hupita pia mvuke wa oili kutoka kwenye upumuo wa injini. Mvuke unaulainisha mpira kwa ndani, joto la injini linaukausha kwa nje, miaka inakwenda, na siku moja unapasuka upande ambao huwezi kuuona bila kioo cha kunyolea ndevu.

Nilimuuliza fundi imekuwaje ufa wa urefu wa kucha ulete adha yote hiyo. Akafuta mikono, akanifafanulia kwa harusi. Kwenye boksi la chujio kuna sensa inayohesabu hewa. Huyo ndiye mtu wa mlangoni anayepokea kadi. Kompyuta ndiyo kamati: inapika kwa hesabu ya mlangoni, haitoki kwenda kuhakikisha ukumbini. Mpira ukichanika kabla ya turbo, wanaingia wazamiaji ambao hakuna aliyewahesabu, tena wamekuja na vumbi la Mbwawa, na vumbi hilo linakwenda kula meno ya feni. Ukichanika baada ya turbo, wageni wenye kadi wanatoroka kupitia dirishani ilhali kamati imeshapika. Chakula kinamwagwa, ndio ule moshi mweusi. Nimesoma maelezo mengine tangu siku hiyo, yenye michoro na mishale ya rangi, na sijaona yaliyomfikia fundi.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa anakwenda mjini. Nikampa fedha na agizo: mpira mmoja, mweusi, wa kuingilia turbo. Fundi alimwandikia aina ya injini kwenye kipande cha boksi. Jioni shemeji akarudi kutoka Kariakoo, upande wa Gerezani, amekumbatia furushi. Alipolifungua, watoto walishangilia. Ilikuwa seti nzima ya mipira ya silikoni: ya intakula, ya throto, ya rejeta, na mingine ambayo mpaka leo haijulikani inaishi wapi ndani ya gari. Yote ya bluu, inayong'aa.

"Shemeji, na ule mweusi?"

"Ndiyo huu, ila wa bluu."

Ugonjwa huu wa bluu una chimbuko lake. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally kule Kenya akiendesha Subaru Impreza ya bluu, na mwaka 2000 Richard Burns akaibuka mshindi na Impreza vilevile. Magari yale yalifungwa bomba la kuvutia hewa lililopanda hadi usawa wa paa, ili yavuke mito bila kuinywesha injini maji. Watoto waliokuwa wanayatazama kwenye picha sasa wana mishahara. Shemeji alikuwa hajaanza darasa la kwanza McRae aliposhinda, lakini humsimulia kana kwamba ndiye aliyekaa kiti cha pembeni akimsomea njia.

Sina ugomvi na silikoni. Frederic Kipping, mkemia wa Nottingham aliyetangulia kuichunguza kwa kina mwanzoni mwa karne ya 20, alimaliza kazi yake bila matumaini makubwa kuhusu manufaa yake. Bahati mbaya hakufika Gerezani. Mpira mzuri wa silikoni umetiwa tabaka za kitambaa ndani, unastahimili joto la nyuzi 180 bila kukakamaa, na mpira wa kawaida ukiwekwa jirani na turbo hauwezi kujisifu hivyo. Tatizo ni muuzaji aliyemhakikishia shemeji kwamba "hii haidhuriki na kitu chochote". Oili inaidhuru. Hupenya polepole, mpira ukatoka jasho, ukavimba. Mpira unaopitisha mvuke wa oili unatakiwa uwe na bitana ya fluorosilikoni. Wa kwetu ulikuwa na bitana ya maneno ya muuzaji.

Siku ya kazi, shemeji alisisitiza ianze kufungwa ile inayoonekana. Mfupi wa throto ukaingia, wa intakula ukaingia, bodaboda wakapiga picha. Kwa watazamaji kazi ilikuwa imekwisha, na wawili watatu walinipa hongera. Fundi akafungua tena vyote, kwa sababu mgonjwa alikuwa chini.

Intakula ikatoka. Manifoldi ikalegezwa, ikainuliwa kidogo na kipande cha mti. Mpira mweusi wa kiwandani ukatolewa vipande vipande, na ule wa bluu ukaletwa mahali pake. Haukuingia. Ulikuwa mnene kuliko mwenzake, mgumu kwenye kona, na ulikuwa na chuchu moja ya ziada ambayo haikuwa na wa kumnyonyesha. Fundi aliiziba kwa bolti na klipu, akaniangalia nisiseme kitu. Mkono wake uliingia mpaka kwenye kiwiko, ukatoka umepungua ngozi.

Hapo ndipo bodaboda mmoja akatoa wazo. Bomba la plastiki la maji shambani likigoma kuingia, unalitia kwenye maji ya moto, linalainika, linaingia lenyewe. Wote tuliwahi kuliona hilo kwa macho yetu. Na hatua chache tu kutoka pale mama ntilie alikuwa na sufuria yake kubwa jikoni, maji yanachemka, anasubiri kutia mchele.

Nani alimwomba, sijui. Mimi nilikuwa nimeshika tochi. Nilipogeuka, mpira wa bluu ulikuwa umo ndani ya sufuria, kona yake imechungulia juu, na shemeji anaukandamiza kwa mwiko. Mteja aliyekuwa kwenye benchi akanyoosha shingo.

"Mama, huyo pweza wa wapi?"

"Wa Subaru," akajibu bila kugeuka.

Ulichemka. Uliendelea kuchemka mpaka mama ntilie alipoanza kutaja saa ya wateja wa mchana. Ukatolewa kwa koleo, ukakimbizwa huku unadondosha maji, fundi akaupokea kwa tambara, akausukuma. Ulikuwa vilevile alivyouacha, ila sasa ulikuwa unaunguza. Ndipo mzee wa mikono nyuma alipofungua kinywa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Silikoni haipikiki."

Na ni kweli. Sababu inayofanya watu wailipie ndiyo hiyohiyo: baridi isiyo ya Mbwawa na joto la turbo vyote huikuta ileile. Maji ya moto hayaifanyi lolote, maana hayana joto ambalo haikuumbwa kulidharau. Fundi alimuuliza kwa nini hakusema mapema. Mzee akasema aliona tuna hamu.

Kilichouingiza mpira ni oili. Fundi alipaka oili safi kila kwenye maungio, ya chini na ya juu, na kila kitu kikateleza kikaingia. Mzee akaguna. Kwa uchovu uliokuwa umemwingia, fundi aliamua guno lile halikuwa la kitaalamu, akaendelea kukaza klipu. Klipu zenyewe zilikuja na seti, zile za utepe uliotobolewa matundu, ambazo ukizikaza sana zinaung'ata mpira laini na kuukata. Kwa hiyo alizikaza kwa adabu.

Gari likawaka. Mluzi haukuwepo. Tukaingia Barabara ya Morogoro, shemeji pembeni yangu akiwa ameteremsha kioo ili asikie. Karibu na Visiga tulikuwa nyuma ya semi, njia ikafunguka, nikakanyaga. Turbo ikaamka, gari likavuta kwa namna ambayo lilikuwa limeisahau, shemeji akaanza kusema "umeona," na kabla hajafika kwenye swali, paa!

Tairi la Forester hujazwa upepo wa kama 32, na turbo yake haifikishi hata nusu ya hapo. Ungefikiri haiwezi kupiga kelele. Wauza mihogo waliacha mihogo. Dereva wa semi alidhani ni tairi lake, akapaki pembeni, akashuka na rungu la kugongea matairi. Nyuma yetu kulikuwa na wingu jeusi, na injini ikanguruma, ikatetemeka, ikazima. Trafiki aliyekuwa kivulini na tochi yake akaja kwa miguu, nami nikawa dereva wa kwanza ninayemfahamu aliyesimamishwa akiwa ameshasimama.

"Kimelipuka nini?"

Shemeji akafungua boneti. Mpira wa intakula ulikuwa umechomoka mzimamzima, umelala juu ya injini, bluu, hauna hata mkwaruzo. Trafiki aliusifu. Dereva wa semi ndiye aliyeinama, akapitisha kidole kwenye mdomo wa bomba, akakinusa.

"Mmepaka oili," alisema kwa upole wa mtu anayewahurumia wazazi wetu. "Wanangu, mpira wa turbo unafungwa mkavu. Ukishindwa, maji ya sabuni; yakikauka hakuna kinachoteleza. Oili haikauki. Ilivyomwingiza ndivyo ilivyomtoa."

Alijua anachosema, lori lake lina turbo na mipira ya namna hiyo, minene kama paja. Alitupa tambara na petroli kidogo, tukafuta mpaka pakakwaruza, tukarudisha mpira, tukakaza. Tulirudi Mbwawa mwendo wa maiti. Siku zilizofuata fundi alibadilisha klipu zote akaweka za bolti, zisizo na matundu, akazikaza tena injini ilipokwisha kupata moto na kupoa, kwa kuwa silikoni ikizoea joto hulegea kidogo kwenye shingo. Ule wa chini, wenye bitana ya maneno, tunausubiri utoe jasho. Mmoja kati ya ile isiyo na kwao umefungwa chini ya sinki la jikoni kwangu, na tangu hapo sinki halijavuja.

Ilipofika kulipana, fundi alitaja ufundi wake, klipu, na dawa ya mkono. Mama ntilie aliyekuwa amesimama nyuma yake akasema bado sufuria. Alikuwa ameisugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa limao, na wali ulikuwa bado unanukia gereji. Shemeji akasimama, akapiga kifua, akasema hilo ni lake: kesho anashuka Kariakoo, atamletea mpya.

Mama ntilie akamtazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Hapana, mwanangu. Nipe hela."