Namna ya Kujenga Jiko la Moshi na Kulilinda Dhidi ya Shemeji

Anza kwa kutafuta pipa la chuma la lita 200. Gerezani jijini Dar es Salaam au Kamukunji kule Nairobi hulikosi, na kwa mujibu wa muuzaji, kila pipa lililopo pale lilibeba mafuta ya kula. Hakuna pipa Afrika Mashariki lililowahi kubeba dawa ya kuua wadudu. Mshukuru kwa uaminifu wake, kisha soma maandishi yaliyokwanguliwa ubavuni. Ukiona alama ya fuvu, endelea na safari. Lililobeba petroli nalo mwachie mwenyewe, kwani mvuke uliobaki ndani ukikutana na cheche za grenda, wageni watakuja siku ileile uliyowaalika, ila watakuja na rambirambi.

Fundi wa kuchomelea atataka kulipasua katikati kwa urefu na kuliwekea miguu minne. Si kosa lake. Ndivyo kila mwenye baa anavyoagiza. Mwambie unataka lisimame wima: kikapu cha mkaa chini, wavu wa nyama juu, katikati kama sentimita 60. Atakuuliza nyama itaivaje ikikaa mbali hivyo na moto. Jibu, “Polepole.” Atakutazama kwa huruma na kupandisha bei.

Chini atoboe matundu matatu ya upana wa sentimita 2 hivi, kila moja na kifuniko chake cha kusogeza, na juu ya mfuniko achomelee kipande cha bomba. Wavu usiwe wa chuma kilichopakwa zinki, hata kama kinang'aa na fundi anacho tayari. Zinki ikipata moto mkali hutoa mvuke unaoleta homa, na homa hiyo hakuna atakayeamini imetoka kwenye wavu.

Sasa washa ndani ya pipa moto mkubwa wa kuni mpaka rangi yote iungue. Fanya hivyo mbali na nyumba na mbali zaidi na kamba ya nguo za jirani. Kwangua masizi, paka ndani mafuta ya kupikia, lipashe moto tena.

Majaribio ya kwanza hufanywa bila nyama. Hapa ndipo wengi hushindwa, maana ni vigumu kumweleza mama mkwe kwa nini umekaa kando ya pipa tangu asubuhi ukipika hewa. Jaza kikapu mkaa mbichi, juu yake weka makaa machache yaliyowaka, ili moto ushuke taratibu. Kazi yako ni kushikilia nyuzi 120 za Selsiasi kwa saa kadhaa. Ukifungua matundu moto unapanda, ukiyaziba unashuka. Pipa halina ufundi mwingine. Panga vipande vya mkate juu ya wavu: vitakavyoungua vitakuonyesha upande wenye joto kali. Watoto watakula vilivyobaki na kutangaza mtaani kwamba baba ametengeneza tanuri la mikate.

Kipimajoto nacho kipimwe, kwenye maji yanayochemka. Dar es Salaam kisome 100. Nairobi kikisoma 94 usikirudishe dukani kwa ugomvi, mji wenyewe uko juu.

Siku ya nyama yenyewe, nunua kidari cha ng'ombe chenye mafuta yake. Muuza bucha atakushauri uchukue mbavu, mwache ashangae. Kipake chumvi na pilipili manga, weka wavuni alfajiri, tupia vipande vichache vya mwembe au mpera mkavu. Usitumie msonobari wala mabaki ya mbao zilizotiwa dawa. Moshi mzuri ni mwembamba, wa samawati, hauonekani vizuri. Ule mweupe mzito unaowafurahisha wageni huifanya nyama iwe chungu.

Ndipo anapofika shemeji. Pipa lina matundu matatu chini na bomba moja juu. Njia ya tano ya hewa ni yeye. “Hebu tuone imefikia wapi,” atasema, na mfuniko tayari uko mkononi mwake. Hewa itamiminika, makaa yatashangilia, na nyuzi zako 120 zitakuwa 180 kabla hujamaliza kumsalimia. Mpe kazi yenye cheo. Mteue msimamizi wa kachumbari.

Nyama ikifika nyuzi 70 hivi kwa ndani, itagoma. Kipimajoto hakitasogea kwa saa nyingi, kwa sababu nyama inatoa jasho na jasho linaipoza. Usiongeze moto. Mtu atapendekeza ikatwekatwe na imaliziwe kwenye sufuria. Mwingine ataagiza chipsi mayai kimyakimya. Subiri mpaka nyuzi 93 au 95, zile nyuzinyuzi ngumu zilainike, kisha uipumzishe kabla ya kuikata.

Ukikata utaona pete ya waridi pembezoni, kazi ya gesi za moshi kwenye rangi ya nyama. Kwa wajuzi hiyo ni medali. Kwa shemeji ni ushahidi kwamba baada ya kutwa nzima bado ni mbichi. Usibishane naye. Chukua kipande chake, kipitishe kwenye kikaango chenye mafuta kwa dakika mbili, umrudishie. Atasema sasa ndiyo umeipatia, na kwamba kumbe ungeanza hivyo tangu asubuhi.