Gofu Haina Refa

Timu ya Kibaha ikifungwa, kosa ni la refa. Ya Kisarawe ikifungwa, kosa ni la refa na mshika kibendera wake. Soka limetulea hivyo, na kwa kweli ni malezi matamu: kila kipigo kina mtu wa kutwishwa. Ndiyo maana nasema anayeanza kujifunza gofu huku kwetu hatashindwa na fimbo. Wala safari haitamshinda, ingawa ipo, maana wa Maili Moja na wa Minaki wote watapanda gari hadi Dar es Salaam, kwenye uwanja wa jeshi pale Lugalo au ule wa Gymkhana. Kitakachomtoa jasho ni kukosea pasipo mshitakiwa wa pili.

Hebu mtazame. Mpira umetulia juu ya kijiti chake, hauna beki wala mvuta jezi. Ananyanyua fimbo, anazungusha kiuno, majani yanaruka, na mpira uko pale pale unamtazama. Huo ni mkwaju mmoja, uandikwe. Lakini kama aliugusa tu kwa bahati mbaya akijipanga ukaanguka kutoka kijitini, hauhesabiwi, anaurudisha. Tofauti ni nia, na nia anaijua yeye na Mola wake. Mchezo gani mwingine unamwachia mtuhumiwa aandike hukumu? Kila shimo lina idadi yake ya mikwaju, ndiyo pa. Ukipunguza mmoja umepata bedi, yaani kindege. Ukipunguza miwili, igo, yaani tai. Ukizidisha mmoja ni bogi, jina lililotokana na zimwi la kutishia watoto. Kumbe hata Waingereza walitafuta wa kumsingizia.

Atatokea mtu aseme bao nalo halina refa. Kweli, ila bao lina watazamaji, na chini ya mwembe kila mtazamaji ni hakimu anayehesabu kete kwa sauti. Kwenye gofu mwenzako akijiandaa kupiga unanyamaza, hutembei, husimami nyuma ya mpira wake, hukanyagi njia ambayo mpira huo utapita kuelekea shimoni, na simu umeizima. Zamu ni ya aliye mbali zaidi na shimo. Mweleze hayo mtu aliyezoea kuingilia daladala dirishani! Kelele inayotakiwa ni moja, “Foo!”, mpira unapoelekea vichwa vya watu, na hiyo mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa: mkwezi hupiga ukelele kabla nazi haijaachiwa. Hali kadhalika kufukia udongo ulioufukua na kusawazisha mchanga ulioukanyaga. Ni adabu ya shamba la watu.

Wengine watasema huo ni mchezo wa wenye nacho. Kwa bei ya fimbo sibishi, hasa nikikumbuka kanuni zinaruhusu hadi 14 kwa mtu mmoja. Lakini umaskini haumzuii mtu kusema “nimepiga saba” wakati amepiga saba, na utajiri haujawahi kumsaidia kusema hivyo. Huruma nayo ipo, ya kadiri. Klabu ya Jinja, Uganda, ilijulikana kwa kanuni yake kwamba mpira ukitua kwenye unyayo wa kiboko unauokota bila adhabu. Ukipotea vichakani ni habari nyingine: tangu 2019 una dakika tatu za kuutafuta, muda ambao kwenye mikorosho ya Kisarawe hautoshi kumpata hata mbuzi. Zikiisha unarudi ulikopigia, umeongezewa mkwaju, huku wenzako wamenyamaza kwa adabu ile ile inayouma kuliko zomeazomea ya uwanja mzima.

Mwishoni kadi ya mikwaju huwekwa sahihi mbili, yako na ya mwenzako aliyekuandikia. Nafasi ya refa haikuchorwa.