Chebet Alishinda Sosiot Kwanza

Kwa Baba, Mama, bibi yetu Kogo na wote wanaokaa karibu na redio,

Kazi ipo, baridi bado haijafika, na pesa za dawa ya ng'ombe nimetuma juzi, kwa hiyo Baba usiruke mistari ukitafuta mahali zilipotajwa. Zimetajwa. Sasa tuingie kwenye jambo lililonifanya niandike: mnanimalizia mbio.

Mnakumbuka Jumamosi ile, tarehe 13 Septemba 2025, siku ya kwanza ya Mashindano ya Dunia ya Riadha kule Tokyo. Beatrice Chebet, binti wa Kericho yetu, alikuwa katika fainali ya mita 10,000. Kwenu ilikuwa saa tisa na nusu alasiri. Huku Minneapolis ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, nami ndiyo kwanza nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, sijala, sijaoga, macho mekundu, nimeketi mbele ya kompyuta.

Kuketi tu hapo kulikuwa na safari yake. Haki za kuonyesha michezo huuzwa nchi kwa nchi, na mwenye kununua ya Kenya haruhusiwi kumwonyesha mtu aliye Marekani, hata kama mtu huyo kazaliwa kwetu Belgut na ana kitambulisho. Nilianza na kituo kimoja cha nyumbani, nikaandikiwa kwamba video hii haipatikani katika nchi yangu. Nchi yangu! Nikaweka ile programu ya kuficha mahali ulipo, nikaiambia niko Nairobi. Ikakubali vizuri kabisa. Tangazo la kamari likanikaribisha nyumbani kwa bonasi ya shilingi hamsini, halafu kioo kikawa cheusi: wamenishtukia. Nikaenda kwa wale wezi wa mitandaoni, ambao huonyesha kila kitu bure. Hapo niliona goti la Chebet. Sehemu nyingine yote ya kioo ilikuwa imefunikwa na vidirisha, na kila nikifunga kimoja vinazaliwa viwili, kimoja kikinijulisha kwamba kuna mjane karibu na kwangu anayetaka tufahamiane. Mwishowe nikalipa, kama watu wazima wanavyofanya.

Mkilipa msidhani mmemaliza. Mita 10,000 ni mizunguko 25, na Wamarekani huona mizunguko 25 kuwa mingi mno kwa mtu mwenye shughuli. Wakaonyesha michache, wakaenda kwenye tufe, maana Ryan Crouser wao alikuwa analirusha jioni hiyo hiyo ya Tokyo (na alishinda, sikatai). Wakarudi. Wakaenda tena, safari hii kwenye tangazo la dawa ya ukurutu: mama anacheka ufukweni na mbwa wake, huku sauti ya mwanamume inakimbiza orodha ya madhara kwa kasi ya mtu anayeogopa kusikika. Kifo kilikuwa karibu na mwisho, baada ya kuumwa kichwa.

Waliporudi ulikuwa mzunguko wa mwisho. Nikasimama. Chebet yumo, Battocletti wa Italia yumo, wako upande wa pili wa uwanja, na simu ikalia. Baba. Nikapokea kwa sababu Baba hakatiwi simu. Nikasikia mvua inapiga mabati, nikasikia hoteli yenu ya Sosiot nzima inapiga meza, na juu ya yote hayo sauti yako, Baba: "Umeona? Umeona alivyomwacha Mwitaliano?"

Sikuwa nimeona. Huku Mwitaliano alikuwa bado hajaachwa.

Nimeambiwa baadaye kwamba mvua ya alasiri ilikuwa imeshapiga dishi la hoteli, televisheni ikabaki na chenga, mkahamia kwenye redio. Kwa hiyo mimi niliyelipa dola, nikiwa na intaneti ambayo mwenye nyumba huisifu kila anapopandisha kodi, nilishindwa na redio ya betri iliyofungwa kwa mpira. Nikaamua kuuliza, na mwenzangu kazini ambaye kijana wake anafanya kazi za mitambo hiyo akanieleza.

Mama, wewe utaelewa haraka kuliko wote. Jani la chai ukilichuma asubuhi, halifiki kikombeni asubuhi hiyo. Linakaa kikapuni, linakwenda kituo cha kununulia, linapimwa, linangoja lori, na kiwandani linanyaushwa, linasagwa, linachachuka, linakaushwa. Picha ya Tokyo nayo ni hivyo. Kamera ikishaichuma, mitambo huikatakata vipande vya sekunde chache chache. Kila kipande hutengenezwa kwa madaraja kadhaa, cha mwenye intaneti ya kasi na cha mwenye intaneti inayochechemea. Vipande husambazwa kwenye kompyuta kubwa zilizotawanywa huku na huko. Halafu kompyuta yangu, kwa uoga wake, haionyeshi kitu mpaka ijiwekee akiba ya vipande kadhaa, isije ikakwama na kile kigurudumu kikaanza kuzunguka. Kila mahali panachukua sekunde zake. Ninachouziwa kama "moja kwa moja" ni mambo ya nusu dakika iliyopita, na siku mbaya huwa ya dakika nzima. Kasi ya intaneti yangu haibadilishi mengi, kwa sababu kinachonichelewesha si barabara bali ni kiwanda. Redio yenu haina kikapu wala lori. Mtangazaji akipiga ukelele, umeshafika Sosiot.

Najua Baba atakachosema hapa: Kugo, babu yetu, hakuwa na malalamiko haya. Kweli. Tarehe 16 Oktoba 1964, katika mji huo huo wa Tokyo, Wilson Kiprugut Chumo, naye mtu wa Kericho, alikuwa wa tatu katika mita 800, nyuma ya Peter Snell wa New Zealand na Bill Crothers wa Kanada. Ndiyo medali ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya, uhuru ukiwa na miezi kumi. Uwanja ule ulibomolewa 2015, wakajenga mwingine pale pale, na ndimo alimokimbia Chebet. Michezo ile ya 1964 ilikuwa ya kwanza kwa picha zake kuvuka bahari kwa setelaiti papo hapo, setelaiti yenyewe ikiitwa Syncom 3, lakini Syncom 3 haikuwa na habari na Belgut. Kugo alifurahi habari zilipomfikia, na alifurahi kikamilifu, kwa sababu hakuna mtu wa Minneapolis aliyempigia simu.

Nami nikiri kwamba mara moja niliwatangulia, na mnajua yaliyotokea. Tarehe 5 Julai 2025, kule Eugene, Oregon, Chebet alimaliza mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 58.06, mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika 14. Huku jua lilikuwa bado kali. Kwenu ilikuwa imepita saa sita usiku. Nikashindwa kujizuia, nikapiga. Mama akapokea akiwa ameshaanza kulia, maana simu ya ughaibuni usiku wa manane ina kazi moja tu.

"Ni nani?" akauliza.

"Ni Chebet," nikasema.

"Uuuui! Mtoto wa watu!"

Kufikia wakati nilipomweleza kwamba Chebet ni mzima, tena mzima kuliko sisi sote, Kogo alikuwa ameshaamka na sala ilikuwa imefika katikati. Kogo alikataa kuikatiza. Alisema sala ikianza humalizwa, na Chebet haitamdhuru.

Sasa nije kwa mdogo wangu, ambaye alisoma biashara na ambaye ndiye peke yake aliyeona mali katika balaa hili. Aliniambia hivi: kama Sosiot inajua kabla ya Marekani, basi wewe usilie, wewe cheza kamari. Pesa haziruhusiwi kazini kwetu, lakini biskuti zinaruhusiwa, na chumba cha mwisho kwenye ukumbi wetu anakaa mzee mmoja kutoka Dakota Kusini anayependa riadha kuliko dawa zake. Alikuwa kijana wakati Billy Mills, Mlakota wa huko kwao, aliposhinda mita 10,000 pale Tokyo mwaka ule ule wa 1964, na hajaacha kulisimulia jambo hilo.

Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata, tarehe 20, fainali ya mita 5,000, nilipotoka zamu nilibaki, nikamwekea kompyuta mapajani. Yeye akamchagua Faith Kipyegon, kwa sababu mwezi wa sita alimwona akijaribu kuikimbia maili chini ya dakika nne kule Paris. Mimi nikasema bado nafikiria. Nikafikiria mizunguko kumi na mbili. Walipoingia kona ya mwisho simu ikatetemeka mfukoni, ujumbe wa herufi moja kutoka Sosiot: C. Nikasema, "Ah, leo nampa Chebet." Ikawa hivyo, dhahabu kwa Chebet, fedha kwa Kipyegon, tofauti haikufika hata sekunde moja. Pakiti mbili za biskuti za chokoleti.

Mzee alinitazama, akautazama mfuko wangu, akanyamaza. Jana nilipompelekea dawa aliniambia nifunge mlango. Anataka namba ya simu ya huko Sosiot. Hataki kunishtaki, anataka kujua mtu huyo huchukua kiasi gani, na kama anashughulikia besiboli.

Mwambieni mdogo wangu anijibu upesi.

Ni mimi mtoto wenu,
Minneapolis