Jua la Kuangalia kwa Macho

Wanaoishi Uingereza wanalijua jua la Februari. Linang'aa, linaingia sebuleni bila hodi, linaanika vumbi lote la juu ya televisheni, lakini kupasha joto halipashi. Ni jua la kuangalia kwa macho. Balaa lake ni kwamba kila mwenye bustani likimpiga usoni huamini baridi imekwisha, na hapa Birmingham sijamwona anayeamini upesi kuliko mume wangu, Baba Salma.

Tunalima kipande cha ardhi tulichokodi halmashauri. Mambo haya yana sheria yake tangu 1908, na kipande kamili ni kama mita za mraba 250. Ukimwambia mtu wa Korogwe kwamba hilo ndilo shamba, atakuuliza kama ni la kufugia kuku. Lakini mji huu umejaa mashamba ya aina hiyo, na humo utamkuta Mpunjabi na kotimiri yake, Mjamaika na mchicha wake, Mwingereza na vitunguu vyake, na sisi na matumaini ya Baba Salma.

Vitabu vya bustani vinatoa orodha ndefu ya kazi za Februari na Machi. Pogoa mitufaha kabla haijaamka. Pogoa mawaridi. Osha vyungu. Noa mkasi. Mwaga samadi. Nimeisoma orodha hiyo kwa makini na nina hakika nusu yake ilitungwa na wake wa wakulima, ili waume wawe na cha kushika. Maana kazi ya bustani majira haya ni moja tu, nayo ni kujizuia usipande. Hizo nyingine ni za kupoteza muda mpaka Mei.

Chukua viazi mviringo. Huku mbegu haifukiwi hivi hivi. Hupangwa kwanza kwenye trei za mayai, macho yakitazama juu, mahali penye mwanga pasipo na joto jingi, ikae wiki kadhaa ichipue. Kwetu mahali hapo ni dirisha la chumba cha wageni, kwa hiyo mgeni wetu wa Februari hulala na viazi. Katikati ya Machi mama mkwe alipiga simu ya video kutoka Korogwe. Kwao masika ilikuwa imeanza kunyesha na mahindi yake ameshayafukia. Baba Salma, kwa fahari, akapanda ngazi na simu akamwonyeshe mali.

Kwanza kimya. Kisha: "Mwanangu, hivyo ni viazi?"

"Ndiyo, mama."

"Kwenye trei za mayai?"

"Ndiyo, mama."

"Na mnaviatamia kwa zamu, au kazi hiyo umemwachia mkeo?"

Akaelezwa kwamba udongo bado wa baridi, haujafika nyuzi 7 au 8, na kiazi kikitiwa sasa kitaoza. Mama akatafakari, akauliza swali nililokuwa namuuliza mwanawe kila wiki: "Sasa huko shambani kila Jumamosi mnakwenda kufanya nini?"

Tunakwenda kuchimba, mama. Udongo wetu ni mfinyanzi, na mvua ya Februari ikishaulowesha, ukikanyaga unaondoka wewe, buti linabaki. Baba Salma huzamisha beleshi, hulinyanyua, na bonge linaganda palepale kwenye bamba. Hulikung'uta. Halidondoki. Hulisukuma kwa kiatu, linahamia kwenye kiatu. Wakati huo ndege mdogo wa kifua chekundu ameshatua hatua mbili kutoka alipo, anamtazama kwa jicho moja. Baba Salma akipumzika, ndege anapumzika. Akihamia upande wa pili, ndege naye huyo. Mume wangu ameshaamua kwamba huo ni urafiki, na huzungumza naye Kisambaa. Sijawa na moyo wa kumwambia kwamba mwenzake anasubiri minyoo.

Anayeyajua mambo haya ni jirani yetu, mzee wa Kijamaika aliyelima hapo tangu sisi hatujajua Birmingham iko wapi. Majira haya hashiki jembe. Hukaa mlangoni mwa kibanda chake na chai ya tangawizi, redio ikiimba, akituangalia tunavyohangaika. Siku moja Baba Salma alimwendea kwa heshima zote, akamuuliza mtu anajuaje kwamba ardhi imepata joto. Mzee akanywa funda moja. Akasema zamani wakulima wa huku, kwa inavyosimuliwa, walikuwa wakivua suruali na kuikalia ardhi. Ukiweza kukaa ukatulia, panda. Ukiruka, rudi nyumbani.

Nilimwona Baba Salma akiangaza macho kulia na kushoto, kama kuna watu.

"Baba Salma," nikamwambia, "kipimajoto cha udongo kinauzwa dukani. Twende."

Na haifai kumlaumu sana, kwa kuwa hali ya hewa yenyewe haina msimamo. Mwisho wa Februari 2018 ilikuja baridi kutoka Siberia, theluji ikafunga barabara na shule. Ikapita, watu wakatoa miche nje, na katikati ya Machi theluji ikarudi kuimalizia. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Februari, pale Kew jijini London vipimo vilisoma nyuzi 21.2, joto ambalo halikuwahi kupimwa katika majira ya baridi ya nchi hii. Watu walikula aiskrimu bustanini. Ukishaona yote mawili, Machi ikikuambia habari gani utaiamini?

Baba Salma huamini iliyo nzuri. Mwaka huu alipanda saladi mapema, akaifunika kwa kile kitambaa chepesi cheupe cha kukinga jalidi. Saladi ilipata joto. Makoa, wale konokono wasio na nyumba, nao walipata joto, wakahamia humo na familia zao. Tulipofunua tulikuta mistari ya ute iking'aa na vijiti vya kuandikia majina ya mimea. Vijiti hawali.

Kisha ukaja upepo, kitambaa chenyewe kikaondoka. Nilikwenda magharibi kukitafuta, giza linaingia, nikaona kitu cheupe juu ya mtufaha kinanyoosha mikono na kuikunja. Mimi ni mtoto wa Pangani. Cheupe kinachocheza mtini saa ya magharibi hakiulizwi jina. Nilisoma nilichojaliwa kusoma, nikarudi kwenye gari kinyumenyume. Kesho yake mzee wa Kijamaika alikileta kimekunjwa vizuri, akasema alinisikia.

Ndani ya nyumba hali si nafuu. Miche ya nyanya, iliyooteshwa mwanga ukiwa bado haba, imerefuka kwa wembamba na kuelemea kioo cha dirisha kama watoto waliofungiwa ndani siku ya Idi. Kila asubuhi Baba Salma anaigeuza vyungu itazame chumbani. Kufika jioni imeshageuka tena, inaitazama barabara. Jumapili ya mwisho ya Machi saa zilisogezwa mbele, jioni zikarefuka ghafla, na mwenye miche akatangaza kwamba ushahidi sasa umekamilika.

Nikamuuliza mzee. Akasema sehemu hizi jalidi inaweza kuanguka mpaka katikati ya Mei, na kwa mchicha usiku mmoja wa jalidi unatosha. Baba Salma akasema amesikia. Namjua anavyosikia. Usiku huo nilimkuta jikoni anatikisa pakiti ya mbegu za mchicha sikioni, akitabasamu.

Nimeificha. Haiko kabatini wala kwenye kopo la dengu, maana akiwa na njaa hufika kote huko. Nimeiweka nyuma ya brashi ya choo, ndani ya ndoo, chini ya glavu za mpira na dawa ya kusugulia masinki. Tangu tuoane hajawahi kuikaribia ndoo hiyo. Mbegu zitakaa salama mpaka Mei, na akizikuta kabla ya hapo, basi atakuwa amesafisha choo, na mimi kwa furaha nitamruhusu apande hata kwenye theluji.